Gego kwa Mkono wa Mwanafunzi: Tathmini ya Kliniki ya Mafunzo ya Meno Marekani

Kwa Mswahili anayeishi Marekani na mwenye jino linalohitaji kazi kubwa, kliniki ya mafunzo ya chuo cha meno ni huduma ninayoipendekeza kwa sharti moja, nalo ni kuwa na muda. Nimetibiwa katika kliniki ya aina hiyo, ya chuo kikuu cha umma katika jimbo mojawapo la Kati-Magharibi, kwa gego la chini lililohitaji kusafishwa mizizi na kuvikwa taji (kofia ya jino), nikiwa na bima ya meno ya kazini. Tathmini hii inahusu huduma zote mbili, kliniki na bima, kwa sababu katika nchi hii huwezi kupima moja ukaiacha nyingine. Inamhusu pia mtu wa tatu ambaye wagonjwa wengi hawamhesabu, yaani mwanafunzi aliyeshika mashine. Maana nafuu unayoipata wewe inawezekana kwa kuwa na yeye analipa, tena analipa kuliko wewe mara nyingi.

Nianze na bima, kwani ndiyo iliyonisukuma kwenda kliniki. Wengi wetu tunapopata ajira hapa hudhani kadi ya bima ya afya inashika mwili mzima, kumbe meno yana kadi yake, kampuni yake na makato yake katika mshahara. Mgawanyiko huo ni wa zamani. Mwaka 1840 kilianzishwa mjini Baltimore chuo cha kwanza cha udaktari wa meno duniani, nacho kilianzishwa nje ya shule za udaktari wa kawaida. Tangu hapo fani hizo mbili zimefundishwa, zimesajiliwa na zimelipwa kila moja kivyake. Medicare, bima ya serikali kwa wazee, ilipopitishwa mwaka 1965 iliyaacha nje matibabu ya kawaida ya meno. Upande wa sekta binafsi, bima ya meno ilikuwa imekwisha kuchipuka peke yake mwaka 1954, pale chama cha wafanyakazi wa bandari za pwani ya magharibi kilipotafuta namna ya kuwatibia watoto wa wanachama wake, na katika mpango huo ndimo zilimozaliwa kampuni ambazo leo zinajulikana kwa jina la Delta Dental.

Bima yangu ni ya kawaida kabisa, na ndiyo maana inafaa kuelezwa. Uchunguzi na usafishaji wa meno mara mbili kwa mwaka hulipiwa wote. Kuziba jino hulipiwa asilimia 80. Kazi kubwa kama mizizi, taji na daraja (jino la bandia la kuziba pengo) hulipiwa nusu, baada ya mwenye bima kutanguliza dola 50 zake. Hapo ndipo watu wengi wanapoishia kusoma. Mstari unaofuata ndio wenye uzito: kampuni haitalipa zaidi ya dola 1,500 kwa mwaka mzima, hata kama kinywa chote kimeharibika. Maana ya bima kwa kawaida ni kukuokoa hasara inapokuwa kubwa, lakini hii hukushika mkono katika madogo na kukuachia makubwa uyabebe mwenyewe. Kikomo cha dola 1,000 kimekuwapo tangu miaka ya 1970, na mipango mingi bado inazunguka kati ya dola 1,000 na 2,000, ilhali bei za matibabu zimepanda mara kadhaa tangu enzi hizo. Mipango mingi huongeza sharti la kusubiri miezi kadhaa kabla ya kulipia kazi kubwa, na mingine ina kipengele cha kutolipia pengo la jino lililong'olewa kabla mtu hajajiunga. Kwa mtu aliyeng'olewa magego Morogoro au Kakamega miaka mingi kabla ya kupanda ndege, na wa namna hiyo tuko wengi, kipengele hicho kinamfungia njia ya kuwekewa daraja kabla hata hajauliza bei.

Hesabu yenyewe ilikuwa hivi. Daktari wa binafsi aliye karibu na ninapoishi alikadiria kazi yote ya gego langu, yaani mizizi, kujenga kiini na taji, kuwa dola 3,000. Kutokana na usafishaji na picha za awali, bima yangu ilikuwa imebakiwa na dola 1,250 kwa mwaka huo, hivyo mfukoni ningetoa dola 1,750, na iwapo jino jingine lingeuma kabla ya Januari ningelipia peke yangu. Kliniki ya mafunzo ilinikadiria dola 1,400 kwa kazi ileile. Nikatanguliza dola 50, bima ikalipa nusu ya kilichobaki, nami nikamaliza kwa dola 725 huku bima ikiwa bado na akiba. Kwa anayelipwa kwa saa katika ghala au nyumba ya wazee, tofauti ya zaidi ya dola 1,000 ni kodi ya chumba, au ni ada ya mtoto aliyeko nyumbani.

Si haki, hata hivyo, kumwona daktari wa binafsi kuwa ndiye mlanguzi katika habari hii. Anayesaini mkataba na kampuni ya bima hukubali bei zilizo kwenye orodha ya kampuni hiyo, ambazo aghalabu ziko chini ya bei zake, na tofauti inayobaki haruhusiwi kumdai mgonjwa. Mishahara ya wasaidizi, pango na vifaa hupanda. Orodha ya bima haipandi kwa mwendo huo. Wengine wamejitoa kwenye mikataba, na mgonjwa hujikuta anatafuta daktari upya kila baada ya mwaka au miwili. Wananchi wa Massachusetts walilipigia kura jambo hili Novemba 2022, wakapitisha kwa wingi mkubwa sheria inayozitaka kampuni za bima ya meno zitumie angalau asilimia 83 ya michango kwa matibabu, zikishindwa zirudishe fedha kwa wateja. Kwa bima za afya kanuni ya namna hiyo ilikuwapo tayari nchi nzima. Kwa meno jimbo hilo lilikuwa la kwanza kuweka kiwango kikali kiasi hicho. Mimi siishi huko, na bima yangu hailazimiki kunijulisha dola zangu zimeishia wapi.

Sasa kliniki. Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba hupokelewi kwa kuwa tu una jino bovu. Siku ya kwanza ni ya mchujo: unapigwa picha za mionzi, unaulizwa historia ya shinikizo la damu, kisukari na dawa unazotumia, kisha mwalimu anaamua kama tatizo lako linafaa kufundishia. Lililo jepesi mno au gumu mno linaweza kukataliwa au kupelekwa kwa madaktari wanaosomea ubingwa, ambako bei hupanda kidogo. Nilikubaliwa, nikasubiri wiki kadhaa, ndipo mwanafunzi wa mwaka wa tatu akanipigia simu mwenyewe kupanga miadi. Hilo la simu lilinipendeza, kwani tangu hapo sikuzungushwa na mashine za kupokea simu. Nilikuwa na mtu mmoja anayelijua jino langu kuliko ninavyolijua mimi.

Ukumbi wenyewe hauna faragha ya chumba cha daktari. Ni safu ndefu za viti vilivyotenganishwa na kuta fupi, na ukilala unasikia mgonjwa wa jirani akielezwa kuhusu ufizi wake. Miadi moja huchukua karibu saa tatu. Sababu ya urefu huo niliielewa baada ya kutazama namna kazi inavyokwenda: mwanafunzi hamalizi hatua yoyote bila saini. Alipoona ganzi imeshika, alimwita mwalimu. Alipolifunika jino kwa lile shuka la mpira linalozuia mate, alimwita mwalimu. Alipofungua jino na kuipata midomo ya mizizi, alisimama tena kando ya kiti chake na kungoja, kwa sababu mwalimu mmoja alikuwa na wanafunzi kadhaa na kila mmoja alikuwa amefika mahali pa kumhitaji. Nadhani theluthi ya muda wangu kitini ilikuwa ya kungoja saini, mdomo wazi.

Lakini saini hizo ndizo ninazozisifu. Siku ya kuchonga jino kwa ajili ya taji, mwanafunzi aliamini amemaliza. Mwalimu, mzee mwenye miwani ya kukuza, aliketi mahali pake, akaweka kioo, akapitisha kile kichuma chenye ncha iliyopinda kuzunguka jino lote taratibu, akarudi upande wa ulimi, akarudi tena. Akamwambia mwanafunzi apitishe mwenyewe aone panapokwama. Palikuwa na ukingo mdogo ambao jicho halikuuona, na taji lingekaa juu yake likaacha upenyo wa mate na vijidudu. Kazi ikarudiwa. Taji lilipotoka maabara, nalo lilirudishwa mara moja kwa kuwa lilibana jino la jirani kupita kiasi. Katika kliniki yenye wagonjwa wanaopishana kila nusu saa, sina hakika kuna mtu angepata wasaa wa kurudi upande wa ulimi mara mbili. Leo natafunia upande huo bila kuukumbuka, na picha ya mionzi iliyopigwa baadaye ilionyesha mizizi imejazwa hadi mwisho.

Kasoro zipo, na baadhi zinachosha. Maegesho ya chuo ni ghali na yako mbali. Ofisi ya malipo ilituma madai kwa bima yakiwa na upungufu, bima ikayakataa, na ikanibidi nipige simu pande zote mbili hadi yakalipwa. Likizo za chuo ni likizo za jino lako pia: wakati wa mitihani na mapumziko ya Desemba hakuna anayekushughulikia isipokuwa kwa dharura, na jino lililojazwa dawa ya muda hukaa na dawa hiyo mpaka kalenda iruhusu. Mtu ambaye mwajiri wake humkata kwa kila saa anayokosa apige hesabu ya saa hizo kabla ya kufurahia bei, kwani nafuu yote inaweza kuliwa na mshahara uliopotea. Mwenye jipu lililovimbisha shavu asisubiri mchujo. Aulize moja kwa moja kitengo cha dharura, ambacho vyuo vingi vinacho, na kama uvimbe unazuia kumeza au kupumua aende hospitali.

Lipo dirisha dogo mwishoni mwa ukumbi ambapo wanafunzi huchukua na kurudisha vifaa vilivyochemshwa. Aliyekuwa akivigawa ni dada mmoja ambaye, alipolisikia jina langu likiitwa, aliniuliza kwa Kiswahili, "Kaka, wa wapi wewe?" Alisomea udaktari wa meno miaka mitano Tanzania, akafanya kazi katika hospitali ya wilaya, akamfuata mumewe huku. "Hapa mimi natoa vifaa," aliniambia, "nyumbani ningekuwa mimi ndiye wa kusaini." Njia ya kawaida kwa aliyesomea nje, majimbo machache yakiwa na milango yao midogo, ni kufaulu mtihani wa kitaifa wa INBDE, kisha kuomba nafasi katika programu maalumu za vyuo vya hapa, ambazo huchukua miaka miwili hadi mitatu na kulipiwa ada kamili. Nafasi ni chache na waombaji wanatoka dunia nzima. Alikuwa amekwisha kufaulu mtihani. Kilichomkwamisha ni ada, kwani bila uraia au ukaazi wa kudumu mikopo ya serikali huipati, na benki hutaka mdhamini. Wasomaji wenye watoto au wadogo wanaosoma meno Muhimbili au Nairobi kwa matumaini ya kuhamia huku wanafaa kulijua jambo hili mapema kuliko alivyolijua yeye.

Hapo ndipo ninapofikia yule mtu wa tatu. Kuwa daktari wa meno Marekani kwa kawaida ni shahada ya kwanza ya miaka minne na kisha chuo cha meno miaka minne mingine. Katika vyuo vya binafsi vilivyo ghali, gharama ya mwaka mmoja pamoja na makazi huvuka dola 100,000, na ndani yake mwanafunzi hulipia hata seti ya vifaa anavyomtibia navyo mgonjwa. Wahitimu wa miaka ya karibuni wenye deni wamekuwa wakitoka na wastani wa karibu dola 300,000. Kijana aliyenitibu alisema lake litakuwa pungufu kidogo ya hapo kwa kuwa ni mkazi wa jimbo, na chuo cha umma huwatoza wakazi ada ndogo; aliyasema hayo huku akipanga vifaa mezani, kama mtu anayetaja namba yake ya viatu. Riba ya mkopo wa serikali uitwao Grad PLUS kwa mwaka wa masomo wa 2024–2025 ilikuwa asilimia 9.08, nayo huhesabika mtu angali darasani. Deni la dola 300,000 kwa riba ya asilimia 8 tu linazaa dola 2,000 kila mwezi kabla deni lenyewe halijapungua hata senti. Kipato cha kati cha daktari wa meno mwaka 2023 kilikuwa takriban dola 170,000 kabla ya kodi, ambacho ni kikubwa kwa hesabu ya mtu yeyote, lakini si kikubwa hivyo kwa anayeanza na mzigo huo na kutaka pia kukopa afungue kliniki yake.

Sheria iliyosainiwa Julai 2025 imebadilisha hali. Kuanzia tarehe 1 Julai 2026 wakopaji wapya hawapati Grad PLUS, na wanaosomea fani kama udaktari wa meno wamewekewa kikomo cha mikopo ya serikali cha dola 50,000 kwa mwaka na dola 200,000 kwa jumla, huku waliokwisha kuanza wakipewa kipindi cha mpito. Watetezi wa sheria wanasema vyuo vitalazimika kupunguza ada. Huenda baadhi vikapunguza. Ninachokiona mimi kwa karibu ni kwamba mtoto wa mhamiaji ambaye ada yake inavuka kikomo atapelekwa kwenye mikopo ya benki, ambayo huangalia historia ya mkopo ya wazazi, na wazazi wenyewe ndio kwanza wanajenga historia hiyo. Kliniki za mafunzo zinazotutibu hutegemea nafasi za masomo zijazwe na wanafunzi wanaolipa, kwa hiyo jambo hili si la familia za wasomi peke yao.

Deni pia linaamua mhitimu atafanya kazi wapi. Mwaka 2005 zaidi ya madaktari wanane katika kila kumi waliokuwa kwenye kliniki binafsi walikuwa wamiliki. Kufikia miaka ya 2020 walikuwa kama saba, na miongoni mwa vijana umiliki umepungua zaidi. Kampuni kubwa zinazoendesha kliniki nyingi kwa pamoja humpa mhitimu mshahara wa uhakika, humwondolea karatasi za bima, na humwekea malengo ya uzalishaji. Kijana aliyenitibu anaelekea huko, walau kwa miaka ya mwanzo, na hakuonyesha kuona haya wala furaha. Nilipomuuliza kuhusu vijiji, alijibu kwamba kuna programu za kusamehewa sehemu ya deni kwa wanaokwenda maeneo yenye upungufu wa madaktari, na kwamba anazifikiria. Minnesota ilikwisha kujaribu njia nyingine mwaka 2009, ilipokuwa jimbo la kwanza kupitisha sheria ya kusajili wahudumu wa ngazi ya kati wanaoziba na kung'oa baadhi ya meno chini ya mkataba na daktari. Mtanzania aliyezoea kuhudumiwa na tabibu wa meno katika kituo cha afya atashangaa kwamba jambo hilo lilizua ubishi mkali, ila lilizua, na vyama vya madaktari ndivyo vilivyopinga kwa sauti ya juu.

Kwa hiyo alama yangu kwa kliniki ni ya juu kwa ubora wa kazi na bei, ya kati kwa mawasiliano ya ofisi, na ya chini kwa muda. Bima ninaipa alama ya kupita kwa sababu moja tu: usafishaji wa mara mbili kwa mwaka, ambao ukiutumia ipasavyo hukurudishia mchango wako. Mwenye Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, aulize kwanza, maana malipo ya meno kwa watu wazima hutofautiana jimbo hadi jimbo, na vyuo vingi vya meno hupokea kadi hiyo pale ambapo madaktari wengi wa binafsi wanaikataa.

Anayetaka kuanza apige simu mwanzoni mwa mwaka wa masomo, wakati wanafunzi wapya wa kliniki wanatafuta wagonjwa na orodha ya kusubiri ni fupi. Anayeingia Machi au Aprili anaweza kupewa mwanafunzi anayekaribia kuhitimu, na kazi isipoisha kabla ya sherehe ya Mei huhamishiwa kwa mwingine, ambaye atafungua faili, atapiga picha upya na kuanza kungoja saini kutoka hatua ya kwanza. Aombe makadirio ya maandishi, na aombe kliniki iyapeleke kwa bima yapate jibu kabla jino halijaguswa. Jibu hilo huchukua wiki chache, nalo litamwonyesha kiasi cha kulipa mwenyewe na iwapo inafaa taji lisogezwe hadi Januari, kikomo cha mwaka kinapoanza upya.